Kwa nini wanatoboa grini zikiwa zimependeza? Kutoboa kunamsaidia mpiga puti au nyasi tu?

#1 PutiTatu
Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa. Wiki mbili zilizopita grini za klabu yetu ya gofu, yale maeneo ya nyasi fupi yenye shimo, zilikuwa kama meza. Mpira unatoka kwenye fimbo, unashika mstari wake, ukikosa unajua umekosa mwenyewe. Juzi nafika, nakuta kila grini imetobolewa kama chujio, mchanga umemwagwa juu, na mpira unarukaruka kama panzi. Nimepiga puti 41 (mapigo ya kuviringisha mpira kwenda shimoni) raundi nzima. Kedi wangu, anayenibebea mfuko, ananiambia "ni kwa faida ya grini."

Swali langu: faida hiyo inamfikia mchezaji, au inaishia kwenye nyasi? Maana naona wanavunja kitu kizuri, halafu tunasubiri wiki kadhaa kirudi palepale kilipokuwa.

#2 MzeeWaFewei
41? Hata kabla ya kutobolewa hukuwa chini ya 38. Tusisingizie matundu hapa.

#3 BiMstari
Mimi niko na mtoa mada. Wanaharibu nusu ya grini mara mbili kwa mwaka na ada tunalipa ileile.

#4 MtunzaGrini
Nimefanya kazi ya kutunza grini miaka 14, kwa hiyo lawama zote nazipokea mimi.

Nyasi za grini hazikai tu, zinazaa kila siku. Vishina, mizizi na majani yanakufa na kujikusanya chini ya majani mabichi. Sisi kazini tunaliita godoro. Godoro jembamba ni zuri, linapokea mpira unaotua kutoka mbali. Likinenepa linakuwa sifongo: linashika maji, nyayo zinazama, hata mashine ya kukata inazama na kunyoa vipara. Hapo mpira haukimbii sawa hata ukate nyasi chini kiasi gani. Grini uliyoiona kama meza, mkuu, ilikuwa meza juu ya godoro.

Misumari yenye uwazi inang'oa vigogo vidogo vya udongo pamoja na sehemu ya godoro, kisha tunajaza mchanga. Maji yanapata njia, hewa inafika kwenye mizizi, na udongo ulioshindiliwa na miguu yenu unapumua.

Na kwa nini tufanye zikiwa zimependeza? Kwa sababu tundu linazibwa na nyasi inayokua, halizibwi na huruma. Nyasi ikikua kwa nguvu ndipo grini inapopendeza. Ukisubiri ichoke ndipo uitoboe, hayo matundu utayaangalia miezi.

#5 HesabuKidogo
BiMstari, hiyo "nusu ya grini" haipo. Tupige hesabu. Msumari wa milimita 12, matundu yakiachana sentimita 5 kila upande. Eneo la tundu moja ni milimita za mraba 113. Kila tundu lina "kiwanja" chake cha 50 kwa 50, yaani 2,500. Gawanya: asilimia 4.5. Hiyo ndiyo sehemu ya uso iliyoondolewa, ingawa jicho linaona kama yote.

Sasa chukua msumari mwembamba wa milimita 6, matundu yaachane sentimita 2.5. Tundu moja ni 28.3, kiwanja chake 625. Asilimia ni 4.5 ileile! Ila badala ya matundu 400 kwa mita ya mraba unapata 1,600 madogo.

#6 PutiTatu
Kwa hiyo 1,600 ndiyo nafuu kwangu? Unanitibu au unaniua?

#7 HesabuKidogo
Nafuu sana. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67. Ukipita taratibu juu ya tundu tupu la milimita 12, kwa jiometri tupu unaweza kuzama kama milimita 0.86. Juu ya tundu la milimita 6 ni 0.21 tu. Upana nusu, kuzama robo. Ndiyo maana grini ya matundu madogo inarudi kuchezeka mapema hata kabla matundu hayajaziba.

#8 MtunzaGrini
Hesabu safi, lakini njoo uyajaze hayo 1,600 kwa mchanga wenye unyevu ndipo utanijua. Tundu dogo linaziba mdomo na chini linabaki tupu. La milimita 12 mchanga unashuka mpaka chini, hasa ukiwa umekaushwa. Tukitoboa kina cha milimita 75 tunahitaji karibu lita 3.4 za mchanga kwa kila mita ya mraba kujaza matundu peke yake. Grini ya mita za mraba 500 ni kama lita 1,700. Matundu yasiyojaa yanajifunga kwa kulegea, na uso unabaki na vidimbwi. Huo ndio mtikisiko unaoulalamikia mwezi wa pili, wakati umeshasahau kwamba kulitobolewa.

#9 KediMstaafu
Nimebeba mifuko tangu sina ndevu. Mnazungumzia matundu, mimi nawaambia tundu lenyewe halipotoshi mpira sana. Kinachopotosha ni *mdomo* wa tundu. Msumari ukitoka unainua nyasi pembeni, panabaki kivimbe. Mpira unaanza kuyumba futi tatu za mwisho, pale umeshachoka. Ndiyo maana grini iliyotobolewa asubuhi na kupitishwa rola jioni ni tofauti kabisa na ile iliyoachwa hivyohivyo.

#10 Kanuni13
Nje ya mada kidogo, kabla hamjaanza kufundishana makosa. Nimeona watu wanafukia matundu hayo kwa kidole kwenye mstari wa puti. Hairuhusiwi. Tangu kanuni za gofu za 2019 unaweza kurekebisha karibu kila uharibifu kwenye grini: alama ya mpira uliotua, mikwaruzo ya viatu, kiraka cha shimo la zamani. Lakini matundu ya kutoboa na alama za kuchana nyasi zimetajwa waziwazi kwamba si uharibifu, ni matunzo ya kawaida. Kanuni 13.1c. Mchanga uliolegea ruksa kuuondoa. Kigogo cha udongo kilicholala juu ya grini ni kitu huru, kiondoe.

#11 BiMstari
@Kanuni13 na mpira ukiingia ndani ya tundu lenyewe ukakaa?

#12 Kanuni13
Kuna kanuni ya mfano ambayo kamati ya klabu inaweza kuichukua, namba E-4. Kamati ikiitangaza, mpira uliolala ndani ya tundu au unaoligusa unapata nafuu, yaani unausogeza bila adhabu. Tundu likiwa tu kwenye mstari wako mbele, hakuna nafuu. Kamati isipotangaza, unaucheza ulivyolala.

#13 MzeeWaFewei
Kumbe PutiTatu alikuwa anafukia kwa kidole na bado akapata 41.

#14 MchangaTu
Naomba kuwa mbishi. Klabu ninayocheza imeacha misumari yenye uwazi mwaka wa sita sasa. Wanatandaza mchanga mwepesi kila baada ya wiki mbili hivi, mwembamba kiasi kwamba jioni huuoni, wanachana nyasi kwa visu vya wima, na mara mojamoja wanachoma kwa misumari mizima myembamba kama sindano ili hewa ipite. Grini ngumu, zinakauka haraka, na hakuna wiki tatu za maombolezo. Mchanga unaingia katikati ya godoro kadiri linavyoota, kwa hiyo halipati nafasi ya kuwa sifongo. Naona kutoboa ni desturi tu: bosi wa zamani alitoboa na wa sasa anatoboa.

#15 MtunzaGrini
@MchangaTu sikupingi wewe, napinga kuchukua grini zenu kuwa kipimo cha grini zote. Zimejengwaje? Kama ni za mfumo wa USGA (chama cha gofu cha Marekani), yaani sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto (mwongozo wao wa kwanza ulitoka 1960), basi mna bahati. Mchanga haushindiliki kama udongo. Grini za kizamani, zilizosukumwa kwa udongo wa palepale, ukiziacha bila kung'oa kitu unaweka tabaka la mchanga juu ya udongo uliokufa. Maji yanasimama kwenye mpaka wa matabaka. Nimewahi kurithi grini ya namna hiyo. Unakata kipande, unaona keki ya rangi tatu, na ya katikati ni nyeusi na inanuka yai bovu. Nyasi juu ilikuwa kijani kabisa!

#16 MchangaTu
Za kwetu ni za mchanga, kweli. Ila hiyo keki umeileta wewe na mchanga usiofanana na uliopo chini, si kwa kutotoboa.

#17 MtunzaGrini
Aliileta mtangulizi wangu, mimi niliikuta. Lakini hapo umenipata nusu.

#18 RolaNaMimi
Mbona hamgusi rola kwa undani? Tukizungumzia *mchezo*, si afya ya nyasi, rola ndiyo inayobadilisha puti siku hiyohiyo. Inalaza vivimbe anavyovisema KediMstaafu, na mpira unaongeza mwendo bila kushusha kisu cha mashine ya kukata. Zamani watu waliogopa kwamba rola inashindilia udongo. Utafiti wa chuo kikuu cha Michigan State kwenye grini za mchanga ulionesha kwamba rola mara tatu kwa wiki haikuleta huo msiba, tena ugonjwa wa madoa uitwao dollar spot ulipungua. Mimi ningeambiwa nichague kimoja, rola au misumari, nachagua rola.

#19 HesabuKidogo
Swali kwa RolaNaMimi: unaujuaje huo mwendo ulioongezeka? Kwa mguu au kwa stimpmita?

#20 RolaNaMimi
Kwa macho, mkuu. Nina uzoefu.

#21 HesabuKidogo
Hapo ndipo ninapokukamata. Michigan State haohao waliwapima wachezaji na kuona kwamba tofauti ya nusu futi kati ya grini mbili wengi hawaitambui. Sasa hapa mtu anasema "leo grini zimekuwa taratibu mno" kwa tofauti ya inchi tatu.

#22 KijanaWaRenji
Samahani wakuu, stimpmita ni nini hasa? Naisikia kwenye televisheni tu.

#23 HesabuKidogo
Ni fimbo ya alumini ya inchi 36 yenye mfereji na kikato. Unaweka mpira kwenye kikato, unainua ncha taratibu, ikifika kama digrii 20 mpira unajiachia na kuteremka. Unapima umefika futi ngapi. Mipira mitatu upande huu, mitatu kurudi, kwenye sehemu tambarare, unatafuta wastani. Edward Stimpson aliibuni baada ya mashindano ya US Open ya 1935 kwenye uwanja wa Oakmont, ambako Sam Parks alishinda kwa mapigo 299. Stimpson aliona grini zimepita kiasi, akataka njia ya kuthibitisha. USGA waliiboresha miaka ya 1970 na kuanza kuwapa watunza viwanja 1978.

Kinachonichekesha ni jedwali lao la wakati huo. Kwa wanachama wa kawaida, futi 8.5 iliitwa grini ya *kasi*, na 6.5 ya wastani. Leo mtu akiambiwa 8.5 anaomba kurudishiwa ada.

#24 MzeeWaFewei
Hapo umegusa kidonda changu. Kasi hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Wanachama wanadai futi 11, mtunza anashusha kisu mpaka chini ya milimita 3, anapunguza mbolea, anapiga dawa ya kuzuia ukuaji. Jani limebaki dogo, mizizi imefupika, nyasi haina nguvu ya kuziba tundu. Halafu tunashangaa wiki sita zimepita na matundu bado yanatukodolea macho. Enzi zetu kisu kilikuwa juu na matundu yalifunga upesi.

#25 BiMstari
Enzi zenu pia mlikuwa mnagonga puti kama mnapigilia kigingi, mzee wangu. Mpira ulikuwa hauna muda wa kuyumba.

#26 MzeeWaFewei
Na ziliingia, binti yangu. Ziliingia.

#27 KediMstaafu
Mzee ana hoja, ila mbolea inafanya kazi pande zote mbili. Ukiijaza nitrojeni ili matundu yazibe haraka, nyasi inakuwa nene na grini inakuwa nzito. Nimeona klabu imetoka kwenye matundu ikaingia kwenye zulia. Mchezaji hana tofauti ya kusherehekea.

Lingine ambalo hamjaligusa ni eneo la futi tano hadi sita kuzunguka shimo. Kila kundi linakanyaga hapo. Saa za mchana pale pana pete ya nyayo, na karibu na shimo kabisa, ambapo mtu anaogopa kukanyaga, pamebaki kama kisahani kilichoinuka. Puti ya taratibu inafika kwenye kisahani na kukengeuka. Mnalaumu misumari kumbe ni viatu vyenu. Grini ngumu yenye mchanga mwingi inazidiwa na nyayo polepole, yenye godoro nene inazidiwa upesi. Hapo ndipo kutoboa kunapoingia kwenye puti, kwa mlango wa nyuma.

#28 PutiTatu
@KediMstaafu hii ndiyo maelezo ya kwanza yaliyonigusa kama mchezaji. Asante.

#29 UkokaHalisi
Nyote mnazungumza kana kwamba nyasi ni moja. Bentigrasi ya nchi za baridi inakua kwa kusimama, inapona vizuri wakati wa ubaridi wa wastani, ukiitoboa kwenye joto kali unaweza kuiua. Ukoka (bermuda), hasa aina fupi kama Tifdwarf na TifEagle, ni kinyume: unautoboa joto likiwa limepamba moto na unaziba huku unauangalia. Lakini ukoka una ulalo. Majani yanalala upande mmoja na mpira unayafuata. Kwa grini ya ukoka, kuchana kwa visu vya wima na kupiga brashi kunaathiri puti kuliko matundu. Niliwahi kuputi kwenye grini iliyokuwa haijachanwa msimu mzima. Kwenda na ulalo mpira ulipita shimo, kurudi ulikwama nusu ya njia. Stimpmita ingewapa wastani mzuri tu hapo.

#30 Kanuni13
Ndiyo maana wanapima pande mbili. Tofauti kati ya kwenda na kurudi ikiwa kubwa, wastani unakuwa uongo wenye nambari.

#31 KijanaWaRenji
Na ile nyasi ya Poa annua inayosemwa kwamba mchana inakuwa na vipele?

#32 UkokaHalisi
Inatoa mbegu hata ikikatwa chini kabisa, na haikui kwa kasi moja na jirani zake. Asubuhi safi, alasiri vipele. Hiyo misumari haiitibu. Kuna wanaoamini matundu wazi yanaipa mbegu zake pa kuotea.

#33 MtunzaGrini
Inatokea, ukitoboa wakati mbegu zake zinaota. Chagua wakati.

#34 MchangaTu
Naona orodha ya "chagua wakati" inarefuka. Wakati wa joto, wakati mbegu hazioti, wakati hakuna mashindano, wakati mchanga ni mkavu. Ukitoa zote umebaki na Jumanne moja.

#35 MtunzaGrini
Na Jumanne hiyo mvua inanyesha. Karibu kazini.

#36 PutiTatu
Wakuu, nimerudi na mrejesho, ni wiki ya tano. Kwenye grini yetu ya mazoezi mashine iliruka ukanda mmoja, kama mita moja na nusu kwa sita. Nimepata bahati ya kupima. Sina stimpmita, nimetumia kipande cha bomba la plastiki nimekipasua katikati, nikakiegesha juu ya tofali lilelile kila mara. Mipira sita kwa urefu wa ukanda na sita kwenye sehemu iliyotobolewa, kwenda na kurudi.

Siku kavu: sioni tofauti. Mipira imetawanyika kiasi kwamba nikidai tofauti nitakuwa mwongo. Mtikisiko pia siuoni, matundu yameziba.

Siku iliyofuata mvua kubwa usiku: ukanda usiotobolewa nilipoukanyaga maji yalichungulia pembeni mwa kiatu, na alama ya kisigino ilikuwa bado inaonekana nilipomaliza kupima. Upande wa pili alama haikudumu. Na kwenye ukanda mpira ulikwenda pungufu ya upande wa pili, mipira yote kumi na miwili.

#37 MtunzaGrini
Sitasema kitu. Nitatabasamu tu.

#38 MchangaTu
Usitabasamu bado. Sehemu iliyotobolewa ilipata mchanga, ukanda ulioachwa je, nao ulitandazwa mchanga uleule? Kama mashine ya misumari iliruka, watu wa mchanga hawakujisumbua kujaza pasipo na matundu. Kwa hiyo umepima mchanga dhidi ya bila mchanga. Umenisaidia mimi.

#39 RolaNaMimi
Na rola ilipita wapi?

#40 HesabuKidogo
Mipira sita kwenye ukanda mmoja, siku mbili, tofali moja. Ninamheshimu kaka kwa kazi, lakini hata mimi siwezi kuliita hilo jibu. Ukanda uko sehemu gani ya grini? Kama ni bondeni, maji yalikuwa yanaenda huko hata bila misumari.

#41 PutiTatu
Mchanga sina hakika, naona chembe chache. Rola ilipita kote. Ukanda uko ukingoni, upande wenye mti, na kweli panateremka kidogo.

#42 UkokaHalisi
Mti! Kivuli, mizizi ya mti, mteremko, na bila mchanga. Hapo umepima vitu vinne, mkuu.

#43 BiMstari
Mwacheni jamani, angalau yeye amepima. Nyie mna macho yenye uzoefu.

#44 MtunzaGrini
PutiTatu, ongea na mtunza wenu. Mwambie safari ijayo aache ukanda wa makusudi katikati, mbali na mti, atandaze mchanga kote. Wengi wetu tunakubali mwanachama akiomba kwa adabu, hatujazoea kuombwa.

#45 KediMstaafu
Na usipime futi tu. Piga puti za kuteremka zinazofia shimoni, hamsini kila upande, hesabu zilizoyumba. Mchezaji anaishi kwenye hizo.

#46 PutiTatu
Sawa. Wanatoboa tena baada ya miezi mitano hivi, nitaomba. Jana nimepiga puti 37, kwa taarifa ya wanaouliza.

#47 MzeeWaFewei
Hakuna aliyeuliza. Zilikuwa ngapi za inchi sita ulizopewa bure bila kuzipiga?

#48 PutiTatu
Tatu. Nne.